Alivyotembea Mbele ya Mama Mkwe

Miaka ile Katanga ilipojitenga, mji wetu mzima ulikuwa na kizunguzungu. Sitanii. Ungefika asubuhi kwenye chumba cha dharura cha hospitali yetu ungekuta benchi limejaa mpaka wengine wamekaa chini kwenye sementi, na kila unayemwuliza ana nini, jibu ni lile lile: kichwa inazunguka. Mama mwenye mimba, kichwa inazunguka. Mzee wa reli aliyeacha kazi, kichwa inazunguka. Jandarme, askari wa Katanga, aliyekunywa tangu jana, naye eti kichwa inazunguka. Huyo nilimfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe, na bunduki yake begani, akaenda akinitukana mpaka getini.

Nilikuwa msaidizi wa wauguzi, msichana mwenye ulimi, nimefundishwa na masista. Nilitoka mtaa wa Katuba kwa miguu kila siku kwa sababu basi lilikuwa linakuja likipenda. Baba yangu alishuka zamani kutoka kaskazini mwa Katanga kufanya kazi ya reli, tukazaliwa hapa hapa, tukabatizwa hapa hapa. Nyumbani walinishangaa. Wenzangu wanaolewa, mimi naosha matapishi ya watu. Lakini niliipenda kazi ile, na niliyoipenda zaidi ni sehemu ya kupambanua: huyu ana njaa, huyu ana malaria, huyu anatuficha kitu. Nilijiona hodari, na kwa kweli nilikuwa hodari.

Madaktari wengi walikuwa wameshaondoka. Daktari wetu mmoja aliyebaki alikuwa akizalisha na kutoa risasi kutwa, na mambo ya ndani ya kichwa hakuyagusa, hakuwa na vyombo vyake. Waliokuwa na vyombo ni askari wa kofia za buluu, wa Umoja wa Mataifa. Hospitali yao ya mahema ilikuwa upande wa pili wa mji, na huko kulikuwa na mpasuaji aliyeweza kufungua fuvu la mtu na kutoa damu iliyoganda. Kila asubuhi lori lao lilituletea wagonjwa kutoka kambi ya wakimbizi. Mganga wao, mtu mrefu mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta, aliwapima pamoja nasi, akachagua mzito kuliko wote, akaondoka naye kwenda kwa mpasuaji. Waliobaki walingoja lori la mchana la kuwarudisha kambini.

Yule mganga ndiye aliyenifundisha kizunguzungu. Kifaransa chake kilikuwa kibovu kuliko changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Aliniambia nisilikubali neno lenyewe, kwa sababu kila mtu analisema akiwa na lake. Niulize mtu anaona nini. Kama macho yanaingia giza akisimama, mara nyingi ni damu imepungua, ni njaa, ni homa, ni mimba: umlaze, uhesabu mapigo yake, umsimamishe, uhesabu tena, utaona moyo unavyokimbia. Kama nyumba inazunguka akigeuka kitandani, halafu inatulia akitulia, hilo ni jambo la sikio, linatisha lakini haliui. Waliokunywa kinini nyingi ya malaria wangekuambia masikio yanalia, nao tuliwajua. Aliyemwogopa ni yule ambaye nyumba inazunguka na haitulii, anatapika, kisogo kinamuuma, na akisimama anaanguka upande. Huyo damu inaweza kuwa inavuja nyuma ya kichwa, na akicheleweshwa amekwisha. Mwisho wa yote, alisema, mwache atembee, maana mdomo unaweza kusema lolote lakini miguu haijui kudanganya. Nilimwamini, nikawatembeza watu kwenye korido ile kama sajenti.

Kuhusu kambi sitasema mengi. Watu wa Kasai, waliokuwa makarani na walimu na wafanyabiashara wa mji huu, walifukuzwa mitaani mwao, nyumba zikachomwa, wakakimbilia kwa askari wa kofia za buluu na kulala uwanjani. Vibanda vyao vilikuwa vya matawi, maboksi na magunia, vimesongamana mpaka jirani akikohoa unafikiri ni wewe. Hata watu wa kwetu kaskazini walikuwamo. Nyumbani kwetu baba alituambia tufunge midomo, tukaifunga. Ilinikera sana, maana mdomo wangu mimi haujazoea kufungwa.

Siku ninayoisema, lori lilifika jua likiwa limeshaanza kuchoma. Alishuka mwanamume wa makamo, karani, wa aina ile inayopiga pasi hata shati lililochanika. Alivaa koti, amefunga vifungo vyote, joto lile. Alishuka mwenyewe, polepole, akishika ubao wa lori kwa mikono miwili. Baada ya wote kushuka ndipo akashuka mama mmoja mtu mzima, kikwembe kimefunika kichwa, uso ameuelekeza kwenye ukuta. Karani alikaa mwanzo wa benchi. Yule mama alikwenda akakaa mwisho wake, akageuza mgongo.

Nikamwuliza, "Mama, ulikuya na nani?"

"Niko na ule baba."

"Ni nani yako?"

Akavuta kikwembe karibu na mdomo. "Ni bwana ya mutoto yangu."

Mama yangu! Nilicheka, sikuweza kujizuia. Kwetu pia jambo hilo lipo, na nadhani watu wote wa huku tunalo, ijapokuwa wa Kasai wanalishika kuliko sisi. Mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mkono, mmoja haingii chumba alicholala mwenzake. Mama yangu mzazi aliwahi kukutana na mume wa dada yangu njiani, akaingia majanini na beseni la samaki wakavu kichwani, akakaa humo mpaka mkwe amepita, na nzi wote wa Katuba juu yake. Si chuki. Ni heshima, na wenyewe wanasema ndiyo inayozuia nyumba isivunjike. Sasa hawa wawili wamekuja hospitali pamoja!

Ilibidi. Mke wa karani alikuwa amejifungua juzijuzi, amelala kibandani na mtoto kifuani, damu haijakauka. Ndugu wa mume walikuwa wametawanyika, hakuna aliyejua kama wapo hai. Walikuwa wanalala kibanda kimoja, mama mkwe upande huu, mke na mtoto upande ule, kikwembe kimetundikwa katikati. Mume mwenyewe alilala nje, mvua au baridi, ili asilale chini ya paa moja na mama wa mkewe. Asubuhi hiyo alishindwa kuamka vizuri, mke akapiga kelele, na mtu wa kumsindikiza hakuwapo mwingine. Hayo machache aliniambia mama, akiuambia ukuta.

Nikawaingiza. Karani alikaa kwenye kitanda cha kupimia. Mama alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, maana korido ilijaa watu na hakuwa na pengine pa kusimama. Nikamletea mgonjwa maji.

"Mwambie baba anywe mayi yote," mama akaniambia.

Alikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kumgusa kwa mkono.

"Mwambie mama minashukuru," karani akajibu, akitazama kikombe.

"Mwambie baba aseme yote kwa munganga, asifiche."

"Mwambie mama sifiche kintu."

"Nyiye, mimi niko posta?" nikasema. "Mutanilipa timbre ya barua?"

Karani alitabasamu. Alikuwa na uso mzuri, wa mtu aliyezoea kusoma. Nilimpenda mara moja, nami si mtu wa kupenda watu haraka. Nilitaka apone, arudi kwa mtoto wake. Hilo ndilo nililolitaka asubuhi ile, na ninalisema wazi kwa sababu baadaye watu walidhani nilikuwa nafanya kazi tu.

Nikamwuliza jinsi nilivyofundishwa. Nyumba inazunguka, ao macho inaingia giza? Jicho lake lilikwenda mlangoni, likarudi.

"Giza, mademoiselle. Kidogo tu. Njo ya njala."

"Ulitapika?"

"Hapana."

"Kichwa inauma?"

"Kidogo. Ni jua."

Nikamlaza, nikahesabu mapigo, nikamsimamisha, nikahesabu tena. Yalikuwa mazito, ya polepole, hayakubadilika hata kidogo. Nikamfunga kifaa cha kupima msukumo wa damu, ukawa juu sana. Hapo sikufurahi. Wenye njaa niliowajua mimi, wakisimama moyo unakimbia na damu inashuka, na huyu moyo wake ulikuwa unapiga kama mtu anayetwanga bila haraka. Nikamwita mganga wa masharubu.

Na yule mganga alimpima vizuri, sitaki mtu aseme alipuuza. Alimtazama kope za macho, akamtazama ndani ya masikio. Aliinua kidole, akamwambia akifuate kwa macho bila kugeuza kichwa. Macho ya karani yakafuata, upande wa kushoto yakarukaruka kidogo, yakatulia. Mganga akarudia, yakatulia tena. Akamwambia aguse pua yake, kisha kidole cha mganga, kisha pua. Alikosa mara ya kwanza, kidogo sana, akacheka mwenyewe, akasema amechoka. Mara zilizofuata alipata. Mganga akanitupia jicho, kama kusema wewe unaonaje. Nikasema, atembee.

Koridoni watu wakasogea. Na mama? Mama alirudi nyuma mpaka mwisho wa korido, kwenye mlango wa nje, akasimama huko kwa sababu ndiko nilikomwelekeza mimi, apate hewa. Kwa hiyo karani, akitembea, alikuwa anatembea kumwelekea yeye.

Alisimama. Akapitisha mikono kwenye vifungo vya koti, akahakikisha vyote vimefungwa. Akatazama sementi mbele ya viatu vyake, si mbali, akaanza. Alitembea kama anavyotembea mtu kanisani akipeleka sadaka, kila unyayo ameuweka, ameuhakikisha, ndipo akauinua mwingine. Jasho lilimtoka kwenye nywele likaingia kwenye kola. Nikafikiri ni koti. Alifika kati ya korido, akageuka, na wakati wa kugeuka alitia mkono mmoja mfukoni kama bwana mkubwa, akauegemeza ubavu wake kwenye ukuta, kidogo tu, akaendelea. Akarudi mpaka kitandani. Hakuyumba. Mpaka leo sijui aliwezaje. Wazee waliokuwa kwenye benchi walimpigia makofi, wakasema karani mzima huyu, anataka kula tu.

Mganga akapumua. "Bon," akasema, "manger, dormir."

Kwenye lori la kwenda kwa mpasuaji kulikuwa na nafasi ya machela moja. Akapewa msichana aliyegongwa tofali kichwani, naye kweli alikuwa mahututi. Wakampakia, wakaondoka. Karani akabaki kungoja lori la mchana, arudi kambini akale na alale, vile alivyoambiwa. Nikamwambia utamuona mutoto wako mbele ya jua kuingia. Akanijibu, "Merci, mademoiselle," na ulimi wake ulikuwa mzito kidogo kwenye neno hilo. Nilisikia ule uzito, nikadhani ni uchovu, maana alikuwa ametembea.

Nikachukua kikombe kwenda kukisuuza kwenye bomba la uani. Mama akanifuata. Nilipofungua maji, akageuka kutazama nyuma yetu, akahakikisha hapana mtu, ndipo akateremsha kikwembe usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Mutoto," akasema, "sasa baba haiko hapa. Niseme?"

"Sema, mama."

"Anatapika tangu jogoo. Anatapika mpaka kintu ya njano. Minasikia yote, mimi niko ku upande ya kikwembe. Alikuwa anajikokota na magoti, aende mbali, nisisikie. Wapi! Minasikia. Anashika udongo na mikono yote mbili sawa vile atadondoka. Anaambia mutoto yangu: kibanda inazunguka, haisimame, na hapa," akajipiga kisogoni, "hapa inapasuka. Koti alivala akiwa chini. Mutoto yangu njo alimuvalisha."

Kikombe kiliniponyoka.

"Mama! Juu ya nini haukusema kule ndani? Minauliza yeye mbele yako, anasema hapana, na weye unanyamaza tu!"

Akanitazama kama mimi ndiye mpumbavu. "Nitasema vile mbele yake? Niseme namusikia akitapika? Mutoto, ni sawa nimuvue nguo mbele ya bantu."

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia.

Karani alikuwa amengoja mama atoke. Hilo nililielewa nilipomwona, na lilinichoma kuliko yote. Alipoona mlango ni mtupu, alijiachia. Alikuwa chini kati ya kitanda na ukuta, amelalia ubavu wa kushoto, koti limejaa matapishi, na wale wazee wa benchi wamesimama wote, hakuna anayejua amshike wapi. Jicho lake moja lilikuwa linarukaruka upande, halikomi. Nikapiga magoti.

"Baba, nyumba inazunguka?"

"Inazunguka," akasema. Maneno yalikuwa yanateleza mdomoni. "Mama... iko wapi?"

"Haiko. Iko ku bomba."

"Muzuri," akasema, akafumba macho.

Nikatoka mbio mpaka getini, viatu nimeviacha. Lori lilikuwa limeshapita zamani, barabara ya uwanja wa ndege ilikuwa tupu. Mlinzi akaniambia kuna kizuizi cha majandarme kule mbele, hata nikimpata mtu wa baiskeli hatapita. Simu yetu ilikuwa imekatwa tangu mapigano, waya zimening'inia. Nikamtukana mlinzi, masikini, ambaye hakuwa na kosa lolote. Nikarudi, nikamwita daktari wetu. Akaja na aproni yenye damu ya uzazi, akamfungua macho karani, akamulika, akaniuliza kwa nini huyu hakupelekwa asubuhi. Nikamwambia, alitembea vizuri. Akasema tumwinue kichwa, tusimpe kitu mdomoni, tukae naye. Akarudi kwa mama aliyekuwa anajifungua.

Watu wameniuliza kama ninajilaumu. Sijilaumu, wala simlaumu yule mganga wa masharubu. Tulimwuliza, akasema hapana. Tulimtembeza, akatembea. Kilichonikasirisha, na bado kinanikasirisha nikiwa mzee hivi, ni kwamba hakukuwa na mtu wa kumlaumu. Mtu alikuwa anavuja damu kichwani, na nguvu zote alizobakiwa nazo amezitumia kutuonyesha kwamba hana kitu. Siku za kawaida angelala kwake, mama mkwe yuko kwake, mke anaita kaka zake, kaka zake wanamleta, anatapika mbele yao bila haya na kila kitu kinajulikana. Vita viliwaweka chini ya gunia moja, na wao wakaendelea kuheshimiana humo humo, kwa sababu ndicho kitu kilichobaki ambacho hakikuchomwa.

Tukamwinua juu ya kitanda. Nikamvua koti. Mama alikuwa amefika mlangoni, amegeuza mgongo.

"Mwambie baba," akaniambia, "mwambie mama ya mutoto anamungoya."

Nikamwambia. Pumzi yake ilianza kukoroma, inakwenda, inasimama, inarudi. Nilimfuta mdomo, nikamgeuza ubavu asije akapaliwa, lakini kichwa kilikuwa kinaanguka kila mara, na mimi nilikuwa peke yangu, nikiitwa huku, nikiitwa kule. Kuna mtoto alikuwa na degedege chumba cha pili. Nikapiga kelele, mtu aje amshikie kichwa huyu baba, nyiye bantu hamuna mikono? Wazee wakatazamana. Wa kambini walikuwa hoi wenyewe, na wa mjini hakuna aliyetaka kuonekana amemshika mtu wa Kasai siku zile.

Nikarudi kutoka kwa mtoto wa degedege, nikakuta mama ameingia.

Alikuwa ameingia kinyumenyume, akipapasa kitanda kwa mkono nyuma yake. Alipokifikia alikaa ukingoni, akageuka, akachukua kichwa cha mkwe wake, akakiweka juu ya mapaja yake. Sijawahi kuona kitu kama hicho, na sitakiona tena. Karani alifungua jicho. Alimwona. Mkono wake wa kulia, ule uliokuwa bado unasikia, ukainuka polepole, ukajifunika usoni. Alikuwa anakufa, na alikuwa anaona haya.

"Baba," mama akasema. Hakuniambia mimi nimwambie. Alimwambia mwenyewe. "Siko naona, baba. Minafunga macho. Angalia, minafunga."

Na kweli alikuwa ameyafunga, ameyakaza mpaka machozi yanatoka kwenye mikunjo. Aliketi vile, amekaza macho, anampapasa nywele kama kipofu. Mkono wa karani ukashuka kutoka usoni. Nikawageuzia kisogo, nikajidai natafuta pamba, nikalia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, na wala sikujali nani ananiona.

Alikata roho jua likiwa bado juu. Mama alijua kabla yangu, kwa mikono, lakini hakufungua macho. Alingoja mpaka nimemfunika shuka lote, mpaka juu ya kichwa, nikamwambia, "Mama, tayari." Hapo ndipo alifungua, akateremka kitandani, akavuta kikwembe chake, akaenda kusimama mlangoni tena. Hakulia. Nilidhani hakulia kwa sababu ni mgumu. Kumbe alikuwa anafikiri.

Lori la mchana lilipokuja, nilimwomba sista mkubwa ruhusa niende nao, akaniruhusu bila kuniuliza. Tulimpakia karani nyuma, amefungwa kwenye shuka la hospitali na koti lake juu. Njiani mama alikaa karibu yangu, mbali na maiti, uso upande wa barabara. Tulipokaribia kambi akanishika mkono.

"Mutoto, atakuuliza nani alimushika kichwa. Mutoto yangu atauliza. Kila mwanamuke anauliza vile."

"Nitasema ni weye, mama. Ulimushika vizuri."

"Hapana!" Akanikaza mkono mpaka ukauma. "Useme ni weye. Baba ile aliniheshimia mpaka mwisho. Sitaki bantu baseme alikufa juu ya magulu ya mama mukwe. Useme ni weye, mutoto. Minakuomba."

Kibandani mke wa karani alikuwa amekaa juu ya gunia, mtoto ananyonya. Alikuwa mdogo, pengine wa rika langu. Alituona tulivyokuja, akajua, akaanza kutikisa kichwa kabla hatujasema. Majirani walishaanza kulia, yeye bado alikuwa ananitazama mimi, na mtoto bado ananyonya.

"Alikuwa na nani?" akaniuliza. "Nani alimushika kichwa?"

"Mimi," nikasema.

"Na mama? Mama alikuwa wapi?"

Mama alikuwa nyuma ya kikwembe kilichotundikwa, upande wake, hasikiki hata pumzi.

"Inje," nikasema. "Mama alikuwa inje."